Sufuria ya Jumapili: kisa cha mhasibu wa Kimara na friza iliyomuumiza tumbo

Kisa hiki kinamhusu mwanamume wa miaka 41, mhasibu katika ofisi moja iliyoko eneo la Posta, Dar es Salaam, na mkazi wa Kimara, ambaye kwa muda wa karibu mwaka mmoja na nusu alikuwa akila chakula alichokiamini kuwa bora kuliko cha wafanyakazi wenzake wote, huku tumbo lake likizidi kuharibika. Amekubali nikiandike kwa sharti kwamba jina lake na la ofisi yake yasitajwe. Mimi ni mshauri wa lishe, si daktari, ingawa yeye na mkewe hawakuacha kuniita daktari tangu siku ya kwanza, nami nilichoka kuwasahihisha kufikia ziara ya tatu.

Malalamiko yake yalikuwa haya: tumbo kujaa na kuunguruma saa moja au mbili baada ya kula, maumivu chini ya kitovu ambayo hupungua akishapata choo, choo laini mara nne au tano kwa siku katika siku za kazi, kisha siku mbili tatu za kufunga choo kabisa. Yalianza baada ya kuharisha vibaya kwa wiki nzima aliporudi kutoka msibani mkoani, na hayakuisha hata baada ya kuharisha kwenyewe kuisha. Hali hii ilimtesa zaidi ndani ya basi la mwendokasi kuliko mahali pengine popote, kwa sababu kati ya Kimara na Posta hakuna choo ndani ya basi, na mtu aliyebanwa mlangoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi hawezi kumwomba dereva asimame. Alikuwa amejifunza kushuka Ubungo au Magomeni, akijua kwa usahihi kituo kipi kina choo karibu na choo kipi kinafunguliwa saa ngapi. Aliniambia habari hiyo kwa utaratibu wa mhasibu, kama anayesoma daftari la matumizi.

Kabla hajafika kwangu alikuwa amekunywa dawa za minyoo mara tatu na dawa za vidonda vya tumbo mara mbili, na mara ya pili hakupimwa chochote. Hilo halinishangazi. Mjini kwetu mtu akishika tumbo, wa kwanza kumwona atamwambia ni vidonda na wa pili atamwambia ni mchango, na duka la dawa liko hatua ishirini tu. Hatimaye alimpata daktari aliyempima choo, damu na bakteria wa vidonda vya tumbo, akamwuliza kuhusu damu katika choo, kupungua uzito, homa na kuamshwa usiku na maumivu, na alipokosa dalili hizo zote akamwambia kwamba ana ugonjwa wa utumbo kukereka, ambao madaktari huutaja kwa herufi tatu, IBS. Kwa vigezo vya Roma vya mwaka 2016 ugonjwa huu hutambuliwa pale ambapo maumivu ya tumbo yanarudi angalau siku moja kwa wiki katika miezi mitatu iliyopita, yakiwa yameanza si chini ya miezi sita nyuma, na yakiambatana na angalau mambo mawili kati ya haya matatu: kwenda haja, kubadilika kwa idadi ya choo, na kubadilika kwa sura yake. Yeye alivitimiza vyote. Tena, kuanza kwake baada ya maambukizi ya utumbo ni jambo linalojulikana sana: kuna watu ambao bakteria au vimelea huondoka, lakini utumbo hubaki na wepesi wa kushtuka.

Daktari huyohuyo alimkuta na lehemu, yaani kolesteroli, iliyopanda, akamshauri apunguze nyama nyekundu na mafuta. Hapo ndipo kisa chenyewe kinapoanza.

Friza yenye kila kitu kizuri

Mkewe ni muuguzi wa zamu. Wiki moja yuko kazini usiku, wiki nyingine anatoka alfajiri, kwa hiyo waliamua kununua friza ya lita mia mbili na kupika siku moja tu, Jumapili baada ya ibada. Nilipofungua friza hiyo mara ya kwanza nilikuta makopo ya aiskrimu yaliyooshwa na kupangwa kwa safu, kila moja likiwa na kipande cha plasta ya hospitali kilichoandikwa kwa kalamu: maharage ya nazi, mbaazi, dengu, nyama ya soya na karoti, maharage tena. Hapakuwa na nyama hata kipande. Asubuhi alikunywa uji wa lishe uliochanganywa unga wa soya na ngano, saa sita alipasha kopo lake katika maikrowevu ya ofisini, jioni alipasha jingine. Kwa macho ya mtu yeyote aliyefundishwa lishe, hiyo ilikuwa kaya ya mfano, na ningeweza kuipiga picha nikaitumia katika mafunzo.

Kilichonizindua ni neno alilolisema kwa aibu mkewe alipoenda kuchemsha chai. Aliniambia kwamba siku ambazo hakubeba kopo, alikwenda kibandani nyuma ya ofisi akala chipsi mayai, na siku hizo tumbo halikumsumbua. Alidhani namfanyia uchunguzi wa kumkamata. Nilimwuliza kama hula na kachumbari, akajibu kwamba haipendi, huisukuma pembeni. Nilimwuliza na siku akila wali maharage kwa mama lishe, akatikisa kichwa, akasema siku hiyo anashuka Magomeni.

Chipsi mayai ni viazi, mayai na mafuta. Kinachokosekana humo ni kitunguu, kitunguu saumu, ngano na jamii ya kunde, yaani vitu vinne vilivyojaa katika friza ile na katika uji wake wa asubuhi. Sisemi kwamba chipsi ni chakula cha mtu mwenye lehemu. Nasema kwamba lile kosa lake la kibandani lilikuwa na habari nyingi kuliko utii wake wa wiki nzima, na kama angelificha, nami ningekuwa bado namwongezea maharage.

Maelezo yake ni haya. Baadhi ya sukari na wanga mfupi katika vyakula havifyonzwi vizuri katika utumbo mwembamba. Huvuta maji, kisha hufika utumbo mpana ambako bakteria huzichachua na kutoa gesi. Kila mtu hutokewa na hayo, lakini mwenye utumbo unaokereka huhisi mvuto na mjazo huo kama maumivu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash kule Melbourne, Australia, ndio walioziweka sukari hizo katika kundi moja, wakalipa jina la FODMAP, na tangu katikati ya miaka ya 2000 wamekuwa wakipima chakula kimoja kimoja. Katika kundi hilo wamo frukitani wa kitunguu, kitunguu saumu na ngano, galakitani wa maharage, mbaazi, dengu na soya, laktosi ya maziwa, na fruktosi inayozidi katika embe. Frukitani na galakitani hazina kimeng'enya cha kuzivunja katika mwili wa binadamu yeyote, awe mzima au mgonjwa. Kwa hiyo ushauri wa kupunguza nyama, ambao ulikuwa sahihi kwa lehemu, ulimhamisha mzee wetu kutoka mnofu kwenda kunde, na kunde zikampa tumbo alilokuwa nalo. Na kwa kuwa vyote vilipikwa Jumapili moja katika sufuria moja, Jumapili mbaya ilizaa siku saba mbaya. Mama lishe akikosea, amekukosea mlo mmoja.

Kabla ya kubadilisha chochote nilimrudisha kwa daktari apimwe ugonjwa wa siliaki, ambao ngano huufanya mwili ushambulie utumbo wake wenyewe, kwa sababu kipimo hicho hakiaminiki mtu akishaacha ngano, na wengi huiacha kwanza ndipo wakumbuke kupima. Majibu yalikuwa hasi.

Chujio la shemeji

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumpa orodha. Niliichapa kutoka katika maelezo ya Kiaustralia na kuitafsiri haraka haraka, ikiwa na mboga ambazo hazipatikani soko la Mabibo wala Kariakoo, na nikampigia mstari mwekundu neno kitunguu. Wiki mbili baadaye hali haikubadilika hata kidogo. Nikaomba kwenda kuwatazama wakipika.

Mkewe alikata vitunguu vinne, akavikaanga, akatia kitunguu saumu kilichotwangwa na tangawizi, akatia nyanya, zikapondeka, akamimina maji na vibua alivyokwisha kuvikausha. Mchuzi ulipoiva alichukua chujio la chai, akaanza kuopoa vipande vya kitunguu kimoja kimoja kwa subira ya muuguzi anayetoa nyuzi za mshono, akiviweka kwenye sahani pembeni. "Ulisema asile kitunguu, daktari," aliniambia, "basi hali." Sikuwa na la kumlaumu. Nilikuwa nimemwambia asile kitunguu. Sikumwambia kwamba frukitani huyeyuka katika maji, na kwamba kitunguu kikishachemka ndani ya mchuzi kinaacha sehemu kubwa ya sukari yake humo humo, hivyo anayekiopoa anaopoa maganda tu.

Jambo hilohilo, likigeuzwa, ndilo lililotuokoa. Frukitani huyeyuka katika maji lakini haiyeyuki katika mafuta. Kitunguu saumu kikikaangwa polepole katika mafuta matupu, kabla ya nyanya na kabla ya tone la maji, kisha kikatolewa chote, harufu yake hubaki katika mafuta na sukari yake hutoka nacho. Tangu siku hiyo kila mboga ya nyumba ile ilianza kwa mafuta hayo, na pale palipohitajika sura ya kitunguu walitumia majani ya kijani ya vitunguu maji, ambayo hayana shida ile ya sehemu nyeupe. Nilisisitiza jambo moja ambalo watu hulipuuza: mafuta yenye kitunguu saumu hayakai kabatini. Kitunguu saumu ndani ya mafuta, kwenye joto la jikoni, ni mahali panapofaa mno kwa bakteria wa botulizimu, ambao sumu yao haina harufu wala ladha. Mafuta hayo hukaa kwenye friji siku zisizozidi 4, au hugandishwa. Walianza kuyagandisha katika trei ya barafu, kila kitundu vijiko viwili, na mama mkwe aliyekuja kutoka Tanga aliyakuta akadhani ni dawa.

Huyo mama mkwe, kwa upande wake, alisema mbele yangu kwamba mboga isiyo na kitunguu ni chakula cha wodini. Nilimwelewa. Katika mapishi ya pwani kitunguu ndicho msingi wa nyumba, na kumwambia mama wa Kitanga akaange bila kitunguu ni sawa na kumwambia ajenge bila mawe. Aliponusa yale mafuta yakiyeyuka sufuriani alinyamaza, kisha akauliza mbona hatukutia nazi.

Jambo jingine lililofichika lilikuwa viungo vya pakiti na vidonge vya mchuzi. Vingi vina unga wa kitunguu na wa kitunguu saumu, na jina lake huandikwa kwa herufi ndogo sana mgongoni. Tuliviacha vyote kwa muda. Bizari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga, binzari na tangawizi vilibaki vikiwa vizima, vimenunuliwa Kariakoo na kusagwa nyumbani, na kwa kweli pilau yao iliboreka.

Nyama kidogo, lakini ipi na kwa hesabu gani

Mtu huyu ana uzito wa kilo 70, na kwa kipimo cha kawaida cha gramu 0.8 kwa kila kilo anahitaji protini gramu 56 kwa siku. Kikombe cha maharage yaliyochemshwa humpa gramu 15 hivi, na ndiyo maana ni vigumu kuyaacha bila kutafuta mbadala. Tulikaa mezani yeye, mkewe na mimi, naye akaleta karatasi ya mistari. Mayai mawili, gramu 12. Samaki aliyepikwa, gramu 100, hutoa gramu 20 na zaidi. Karanga za kusaga kiasi cha gramu 30 hutoa gramu 7 au 8. Wali, ugali na mboga za majani huchangia zilizobaki bila mtu kuzitafuta. Nyama nyekundu ilirudi, lakini robo kilo kwa sufuria nzima ya milo minane, iliyokatwa vipande vidogo na kuondolewa mafuta, yaani gramu 31 za nyama mbichi kwa mlo. Kiasi hicho hakimdhuru mwenye lehemu, na kinatosha kuufanya mchuzi uitwe mchuzi. Mafuta mengi kwa mara moja yalikuwa adui wake kwa njia nyingine pia, kwa kuwa mlo mkubwa wenye mafuta huuamsha utumbo mpana kwa nguvu, hasa asubuhi. Zamani alikuwa akipitia supu na chapati kabla ya kupanda basi, na hakuwahi kujiuliza kwa nini tumbo lilimkaba kabla ya Shekilango.

Samaki walitoka Feri, kwa sababu soko liko umbali wa kutembea kutoka ofisini kwake. Mkewe alipendelea vibua kwa bei na kwa kuwa havivunjiki vikigandishwa. Changu aliyepikwa kisha akagandishwa hubomoka na kuacha miiba ikielea. Dagaa wakavu waliondolewa vichwa, wakaoshwa kwa maji moto, wakakaangwa kavu, ndipo wakatiwa nyanya na tangawizi. Hicho kilikuwa chakula bora kuliko vyote katika friza ile: wiki sita baadaye ladha yake ilikuwa ileile.

Ndizi mbichi za kupika pamoja na ile robo kilo ya nyama ziligandishwa vizuri pia, mradi tu zilitolewa motoni zikiwa bado ngumu kidogo, maana zitaiva mara ya pili siku ya kupashwa. Viazi mviringo tulivijaribu mara moja. Vilitoka kama sifongo iliyolowa maji, na sitavizungumzia tena. Mchicha ulichemshwa dakika moja, ukakamuliwa mpaka ukatoa maji yote, ukachanganywa na karanga. Usipokamuliwa, kopo likiyeyuka unapata bwawa la kijani. Tui la nazi hukatika likigandishwa, kwa hiyo vyakula viligandishwa bila tui, na kijiko kimoja au viwili vya tui viliongezwa wakati wa kupasha, kiasi ambacho tumbo lake lilikivumilia. Mayai hayakuingia kwenye friza kabisa. Yalichemshwa asubuhi. Ugali pia haukuingia, kwani ugali unataka mwiko na dakika kumi, na anayeshindwa hizo hana shida ya friza.

Uji wa lishe ulibadilishwa na uji wa mtama mtupu. Alilalamika siku nne, kisha akaacha kulalamika.

Joto, mchele na umeme

Wali ulinipa wasiwasi kuliko nyama. Mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus hustahimili kuchemshwa, na wali ukiachwa sufuriani katika joto la Dar es Salaam huamka na kutengeneza sumu ambayo kupasha tena hakuiondoi. Kanuni ya kawaida ni kuingiza chakula kwenye baridi ndani ya saa mbili, na saa moja pale joto la chumba linapozidi nyuzi 32, jambo ambalo jikoni Kimara mwezi Januari si la kubahatisha. Kwa mtu mwingine sumu hiyo ni usiku mmoja wa kutapika. Kwa huyu, ambaye ugonjwa wake wenyewe ulizaliwa na kuharisha kwa wiki moja, sikutaka kujaribu bahati mara ya pili. Wali ulitandazwa kwenye sinia pana, tabaka nyembamba, feni ikiwa juu yake. Sufuria za mchuzi ziliwekwa ndani ya beseni la maji yenye barafu na kukorogwa. Mkewe, ambaye kazini huosha mikono mara hamsini kwa siku, alikiri kwamba zamani alikuwa akiacha sufuria jikoni mpaka asubuhi kwa kuogopa kuingiza kitu cha moto kwenye friza.

Wali uliopoa una tabia nyingine: sehemu ya wanga wake hugeuka na kuwa mgumu kumeng'enywa, na hufika kwa bakteria wa utumbo mpana ukiwa mzima. Kwa watu wengi hiyo ni faida. Kwake, kikombe kimoja na nusu cha wali wa friza kilimletea gesi ambayo wali wa moto wa siku hiyo haukuileta. Tulipunguza hadi kikombe kimoja, na siku mkewe alipokuwepo walipika mpya.

Katika wiki ya tano umeme ulikatika Ijumaa jioni na kurudi Jumapili asubuhi. Friza iliyojaa, ikiwa katika nyuzi 18 chini ya sifuri na ikiachwa imefungwa, hushika baridi kwa takribani saa 48. Iliyojaa nusu hushika saa 24 tu. Yao ilikuwa imejaa, lakini watoto walikuwa wameifungua mara nyingi kutafuta barafu za juisi. Walinipigia simu wakiwa na mabishano: yeye alitaka kumwaga vyote, mkewe alitaka kupika vyote. Bahati nzuri walikuwa wameshafanya nilichowaambia mwanzoni, yaani kuweka kikombe cha maji yaliyoganda chenye sarafu ya shilingi mia mbili juu yake. Sarafu ingeshuka kama barafu ingeyeyuka. Ilikuwa imezama hadi nusu ya kikombe. Vilivyokuwa bado na chembe za barafu vilirudi kugandishwa, vilivyolainika juu vilimwagwa, na alihesabu hasara mpaka senti. Kuanzia hapo walijaza nafasi zilizo wazi kwa chupa za maji, na walihakikisha wana uniti za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, za kutosha kila Alhamisi.

Kurudisha kimoja kimoja

Mwisho wa wiki ya nne ya msingi mpya, siku za kushuka njiani zilikuwa zimepungua kutoka nne kwa wiki hadi moja, na kuna wiki moja haikuwapo hata moja. Sitadai kwamba chakula pekee ndicho kilichofanya hivyo. Katika kipindi hicho alikuwa akila kwa saa zilezile, ameacha supu ya alfajiri, amepunguza kahawa kutoka vikombe vitano hadi viwili, na hofu ya basi yenyewe, ambayo huukera utumbo kama vitunguu vinavyoukera, ilikuwa imelegea. Mambo hayo manne yalibadilika kwa wakati mmoja na chakula, na anayetaka kuyatenganisha inambidi aanze upya na mgonjwa mwingine.

Watu wengi hukomea hapo na kuishi bila kitunguu maisha yao yote, na hilo ni kosa. Katazo hili ni la wiki mbili hadi sita, kwa sababu sukari hizo hizo hulisha bakteria wema, na kukata vyakula vingi kwa muda mrefu kunamdhoofisha mtu. Baadaye hurudishwa kundi moja kwa wakati, kwa siku tatu, kiasi kikiongezwa kila siku, huku msingi wa chakula ukibaki uleule. Friza ilitufaa sana hapa. Makopo yalikuwa ya sufuria moja inayojulikana, na kitu pekee kilichobadilika kilikuwa kile alichoongeza mezani.

Glasi ya maziwa haikumfanya kitu. Chapati moja ilipita, mbili hazikupita. Embe dodo nusu lilipita, zima lilimlaza. Kitunguu kilimrudisha mwanzo kabisa siku ya pili, tena kwa kipande kidogo cha kachumbari, na alinitumia ujumbe saa tisa usiku wenye maneno mawili: "Nimeelewa, daktari." Maharage niliyaacha mwisho, kwa kuwa hayo ndiyo aliyoyataka zaidi na ndiyo nafuu ya bajeti. Galakitani nayo huyeyuka katika maji, hivyo yaliloweshwa usiku kucha, maji yakamwagwa, yakachemshwa kwa nguvu, maji yale nayo yakamwagwa, na yakamalizwa katika maji mapya pasipo kula mchuzi wake. Robo kikombe kilimtosha bila adhabu, nusu kikombe kilimpa tumbo lililojaa lakini si la kushuka njiani. Choroko zilizopikwa kwa namna hiyohiyo zilikuwa rahisi zaidi kwake. Sasa sufuria moja ya choroko hutengwa katika makopo madogo ya robo kikombe, yakiwa na plasta yake yenye mwandiko uleule wa mkewe, na huliwa pamoja na dagaa.

Nilipowatembelea mara ya mwisho alikuwa anajiandaa kwenda Tanga kwa mama mkwe kwa siku nne, na swali lake lilikuwa moja: mbaazi za nazi za mama, ambazo kuzikataa ni kumtukana mwenye nyumba. Nilimwambia ale vijiko vinne, mbaazi zenyewe bila kuchota tui, asizile pamoja na mandazi, na asizile asubuhi ya siku ya safari ya kurudi. Aliyaandika yote manne. Mkewe aliuliza kama wabebe makopo kwenye boksi la barafu, nikasema wabebe matatu, na trei moja ya yale mafuta.